Ushanga Mmoja Katika Damu: Habari za Himoglobini na Ugonjwa wa Selimundu

Leo nataka kuwaelezeni habari za kitu kidogo sana, ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona, nacho kimo katika mwili wa kila mmoja wetu. Kitu hicho ndicho kinachoipa damu wekundu wake, na jina lake ni himoglobini. Nitasimulia jinsi kilivyoundwa, jinsi wataalamu walivyokitambua, na jinsi hitilafu ndogo mno ndani yake inavyoleta kilio katika nyumba nyingi za pwani yetu na za kandokando ya Ziwa Victoria. Habari hii yaanzia mbali, lakini sehemu yake kubwa ilitendeka hapa hapa Afrika ya Mashariki, kwa damu ya watu wetu wenyewe.

Nani kati yetu hajapata kumwona mtoto wa namna hii? Nenda Temeke, nenda Kinondoni, uliza katika mtaa wowote, utaonyeshwa nyumba yake. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, wala hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Alipotimiza nusu mwaka au zaidi kidogo, mikono na nyayo zake zikaanza kuvimba. Akawa akilia usiku kucha wala asinyamazike. Macho yakageuka rangi ya manjano, damu ikampungua. Alipata nafuu siku kadha wa kadha, kisha maumivu yakarudi.

Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona. Mmoja husema ni jicho la hasidi. Mwingine husema ni jini. Mwingine husema mama wa mtoto amevunja mwiko, au katika ukoo wake mna laana. Mara nyingi lawama yote humwangukia mama peke yake, na ndoa nyingine zimevunjika kwa sababu hiyo. Basi nataka kuonyesha leo kwamba mama yule hana hatia, wala mtoto wake hakulogwa. Lakini ili tulielewe jambo hili sawasawa, hatuna budi kwanza kujua jinsi vitu vyenye uhai vilivyoundwa.

Vitu vyote tuvionavyo vimefanywa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu. Atomu zikishikana pamoja hufanya molekuli. Molekuli ya maji ni ndogo: ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, jumla yake tatu tu. Lakini ndani ya mimea na wanyama na wanadamu mna molekuli kubwa sana, ambazo kila moja ina maelfu ya atomu. Wala hazikuunganishwa ovyo ovyo. Zimetungwa kama shanga katika uzi, punje baada ya punje, na punje zenyewe ni za namna chache tu.

Nitatoa mfano wa vitu viwili tuvijuavyo sote, muhogo na katani. Wanga ulio katika muhogo ni shanga za sukari iitwayo glukosi, zilizotungwa kwa wingi. Nyuzi za mkonge, yaani katani, sehemu yake kubwa ni shanga za glukosi ile ile. Kwa nini basi muhogo hushibisha, na katani hufanywa kamba na magunia? Tofauti yake ni namna shanga hizo zilivyofungana. Mafungo ya wanga, tumbo la mtu laweza kuyafungua; mafungo ya katani haliwezi. Mali ni moja, ufundi wa kuiunga ni mbalimbali. Shikeni neno hili, maana ndilo ufunguo wa habari yote: katika molekuli kubwa, mpango wa shanga ndio unaokifanya kitu kiwe kilivyo.

Jambo hili halikukubaliwa upesi. Katika mwaka wa 1920 mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, Hermann Staudinger, aliandika kwamba vitu kama mpira na wanga ni minyororo mirefu ya namna hiyo. Wataalamu wengi wenzake walimpinga, wakisema hakuna molekuli kubwa kiasi hicho, bali ni molekuli ndogo zilizokusanyika tu. Miaka ikapita, ushahidi ukazidi, na mwaka wa 1953 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye protini. Protini ndizo molekuli zilizo nyingi katika nyama, samaki, mayai na maharage, na ndizo zinazojenga miili yetu. Shanga zake huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Zinafanana na herufi za maandishi. Kwa herufi chache twaweza kuandika maneno mengi yasiyohesabika, lakini kila herufi sharti iwe mahali pake. Ukibadili herufi moja tu, neno "baba" huwa "bata". Na mtu aliyeagiza kuletewa baba yake, akiletewa bata, ataona mara moja kuwa kosa la herufi moja si jambo dogo.

Himoglobini ni protini. Ina nyuzi nne zilizokunjamana pamoja: nyuzi mbili zenye shanga 141 kila mmoja, na nyuzi mbili zenye shanga 146 kila mmoja. Ukizijumlisha utapata shanga 574. Kila uzi umekumbatia kipande kidogo mno cha madini ya chuma, na hapo ndipo hewa ya oksijeni inaposhikwa. Damu hupita katika mapafu, himoglobini huchukua oksijeni, kisha huipeleka kila mahali mwilini, kama mchukuzi apelekaye mizigo nyumba kwa nyumba na kurudi mikono mitupu kuchukua mingine.

Himoglobini hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zikiwa nzima ni za mviringo, zimebonyea katikati kama kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole pande zote mbili. Ni laini, zaweza kujikunja na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele.

Mtu wa kwanza ambaye habari za ugonjwa wake ziliandikwa na madaktari wa Ulaya na Marekani alikuwa kijana wa kisiwa cha Grenada, jina lake Walter Clement Noel. Mwaka wa 1904 alisafiri kwenda Chicago, Marekani, kujifunza utabibu wa meno. Huko akaugua. Daktari James Herrick na msaidizi wake, Ernest Irons, walipotazama damu yake kwa darubini, waliona jambo geni. Baadhi ya chembe nyekundu hazikuwa za mviringo. Zilikuwa ndefu zilizopinda, mfano wa mundu wa kukatia nyasi. Herrick aliandika habari hiyo mwaka wa 1910. Ndiyo asili ya jina selimundu, ambalo mitaani kwetu husikika kama "sikoseli". Lakini ugonjwa wenyewe haukuanza Chicago. Ulikuwa umekaa Afrika vizazi vingi kabla ya hapo, ukiitwa kwa majina mengine au bila jina lolote.

Chembe zilizopinda haziwezi kupenya vizuri. Hukwama katika mishipa myembamba kama magogo yazibayo mfereji, na mahali palipozibwa hapapati oksijeni. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa ambayo humliza mtoto. Tena chembe hizo huvunjika upesi, ndiyo sababu damu hupungua na macho huwa manjano.

Lakini kwa nini chembe zipinde? Swali hilo lilijibiwa mwaka wa 1949. Mtaalamu wa kemia wa Marekani, Linus Pauling, pamoja na wenziwe, alichukua himoglobini ya watu wazima wa afya na ya wagonjwa, akazipitisha katika nguvu za umeme. Himoglobini za namna mbili hazikwenda sawa. Basi ikadhihirika kwamba kosa halimo katika mishipa wala katika mifupa, bali katika molekuli yenyewe. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza ugonjwa uliitwa ugonjwa wa molekuli. Tena aliona ajabu nyingine: wako watu wasioumwa, ambao damu yao ina himoglobini za namna zote mbili. Hao huitwa wabebaji. Mwaka ule ule ilielezwa wazi kwamba mtoto mgonjwa amerithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili, baba na mama.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kwetu. Mwaka huo huo wa 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walitoa habari za uchunguzi wao katika Uganda. Waliona kwamba wabebaji wako wachache sana katika makabila mengine, na katika makabila mengine, kama Waamba wa upande wa magharibi, wamezidi watu 30 katika kila 100. Mwaka huo huo tena, kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alifuatana na wasafiri wa Chuo Kikuu cha Oxford waliokwenda Mlima Kenya. Yeye alizunguka nchi akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji walikuwa wengi. Lakini katika nchi za juu zenye baridi, zilizo katikati, walikuwa haba.

Allison akajiuliza: kasoro hii inaua watoto, kwa nini basi haikuisha? Watoto wagonjwa wakifa kabla ya kuzaa, kasoro ingepungua kizazi baada ya kizazi hata ikatoweka. Kumbe haikutoweka. Hapana budi kuna faida fulani inayoilinda. Akatazama ramani. Pwani na ziwani kuna nini ambacho hakipo nchi za juu? Jibu alilijua, na kila mtu wa Dar es Salaam analijua: kuna mbu, na kuna malaria.

Mji wetu una historia ndefu na ugonjwa huo. Daktari mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alifika Dar es Salaam mwaka wa 1897 akaichunguza malaria hapa, na mwaka uliofuata akaendelea. Bonde la Msimbazi na maji yanayotuama baada ya masika yamelea mbu tangu zamani.

Mwaka wa 1953 Allison alirudi kufanya majaribio. Aliwachukua Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, akawatia vimelea vya malaria makusudi. Katika wale wasio wabebaji, 14 walishikwa na malaria. Katika wabebaji walishikwa 2 tu. Kwa desturi za leo jaribio kama lile lingeulizwa maswali mengi kabla ya kuruhusiwa, na haifai tulisifu bila kuwakumbuka watu wale 30 waliotoa miili yao, maana vitabu humtaja Allison na kuwasahau wao. Mwaka wa 1954 akatangaza matokeo yake. Wataalamu wengine walisita kwanza, lakini uchunguzi mwingi uliofuata umelithibitisha jambo hilo.

Maana yake ni hii. Mbebaji, yaani mtu aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu, hapati ugonjwa wa selimundu, tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ile iuayo watoto wadogo. Kwa sababu hiyo wabebaji wengi waliishi, wakazaa, wakawarithisha watoto wao. Wao walipona malaria, lakini gharama yake imelipwa na watoto waliorithi kasoro pande zote mbili. Hivyo basi kasoro hii si aibu ya ukoo wala si laana. Ni alama iliyoachwa na malaria katika damu yetu, kwa sababu babu zetu waliishi penye mbu wala hawakuangamia.

Ilibaki kujua kosa lenyewe ni lipi. Mwaka wa 1956 na wa 1957, katika mji wa Cambridge, Uingereza, Vernon Ingram aliikata himoglobini vipande vipande akavilinganisha kimoja kimoja. Vipande vyote vilikuwa sawa isipokuwa kimoja. Katika kipande hicho, ushanga mmoja ulikuwa umebadilishwa. Ni ushanga wa sita katika ule uzi wenye shanga 146. Mahali penye asidi ya glutamiki pamewekwa valini. Na kwa kuwa nyuzi za namna hiyo ni mbili, basi katika shanga 574, ni mbili tu zilizo tofauti. Nyingine zote, 572, hazina kosa lolote.

Ushanga mmoja waweza kufanya nini? Asidi ya glutamiki hupatana na maji, lakini valini huyakimbia maji kama mafuta. Himoglobini ikiisha kutoa oksijeni yake, ile valini hutafuta mahali pa kujificha, na hupapata katika shimo dogo lililo ubavuni mwa himoglobini nyingine. Hiyo nayo hushika nyingine, na nyingine tena, hata zikafanya kamba ndefu ngumu. Kamba hizo hunyoosha chembe kutoka ndani na kuipinda, hata ile iliyokuwa laini kama kitumbua ikawa mundu.

Habari hii yatueleza pia lile jambo lililowashangaza wazazi, kwamba mtoto huzaliwa mzima kisha huugua baadaye. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, ambayo haina uzi ule wenye kasoro. Himoglobini hiyo hubaki kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, ikimkinga. Inapopungua na ya kikubwa kuchukua nafasi yake, ndipo ugonjwa hujitokeza. Daktari Janet Watson wa Marekani alieleza jambo hilo mwaka wa 1948. Kumbe hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kumroga mtoto. Saa ya mwili wake tu imefika.

Na urithi huenda hivi. Kila mtu ana maagizo mawili ya kutengeneza uzi ule, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, kila mmoja ana agizo moja zima na moja lenye kasoro, naye humpa mtoto moja kati ya hayo mawili pasipo kuchagua. Kwa hiyo kila mimba ina bahati nne: moja mtoto hana kasoro kabisa, mbili ni mbebaji kama wazazi wake, na moja ni mgonjwa. Tena hesabu hii huanza upya kila mimba. Mtu asiseme, "Wa kwanza ameugua, basi watatu wafuatao watapona." Zaidi ya hayo, angalieni kwamba mama peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu. Mtoto akiugua, baba naye amechangia. Anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamtupia mwenzake mzigo ambao nusu yake ni wake mwenyewe.

Je, katika mji wetu wabebaji ni wengi? Tangu Januari 2015 hata Novemba 2016, watoto wachanga 3,981 walipimwa damu katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Hospitali ya Temeke. Watoto 31 walikuwa na ugonjwa wa selimundu, na 505 walikuwa wabebaji. Yaani katika kila watoto wanane waliozaliwa, mmoja alikuwa mbebaji. Kwa Tanzania nzima hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Muhimbili yenyewe, iliyofunguliwa mwaka wa 1956 kwa jina la Hospitali ya Princess Margaret, imekuwa mahali pa elimu kubwa ya ugonjwa huu. Tangu mwaka wa 2004 madaktari wa hapo, pamoja na Profesa Julie Makani, wamewaandikisha na kuwafuata maelfu ya wagonjwa. Mambo yamegeuka: zamani damu ya Afrika ilichukuliwa ikaenda kuelezwa ng'ambo, na sasa yaelezwa na wana wa nchi wenyewe.

Tena tiba imesonga mbele. Mtoto akitambuliwa mapema, hupewa penisilini ya kumkinga na maradhi, hupewa chanjo, hulazwa katika chandarua, hunyweshwa maji ya kutosha, na hupelekwa hospitali mara apatapo homa. Mambo haya yaonekana madogo, lakini ndiyo yanayookoa maisha, kwa kuwa hukadiriwa kwamba pasipo matunzo nusu ya watoto hao au zaidi hufa kabla ya miaka mitano. Iko pia dawa iitwayo haidroksiurea. Dawa hiyo huamsha upya ile himoglobini ya utotoni, nayo huzuia kamba zisifungane. Na mwishoni mwa mwaka wa 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha maagizo ya urithi katika chembe za mgonjwa mwenyewe; ila gharama yake ni kubwa mno.

Angalieni jambo moja kuhusu malaria. Mbebaji ana kinga, lakini mgonjwa wa selimundu hana nafuu hiyo. Malaria ikimpata yaweza kumuua upesi. Mtu asidanganyike kumnyima mtoto wake chandarua kwa kusikia nusu ya habari hii.

Basi, ndugu zangu, shauri langu ni fupi. Vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu zenu mapema, si kwa kuogopana, bali mjue mnakokwenda. Wazazi mliopata mtoto mgonjwa, mpelekeni hospitali, wala msimfiche ndani, maana wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nanyi majirani, mkimsikia mtoto akilia usiku katika nyumba ya pili, msiulize ni nani aliyemroga. Sasa mmejua. Katika uzi wake wa shanga 146, wa sita umebadilika, naye aliurithi kwa baba na kwa mama, na wao waliurithi kwa watu waliopona malaria zamani. Mkiwa na nguvu, mpelekeeni maji, mchukueni mgongoni hata hospitali, na mama yake mpeni pole.

Kwaherini.